Mbio za Porini na Shemeji Injini

Jumatatu, 4 Mei

Nimepinduliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Tena wakati wa kula, mdomo umejaa.

Binti yetu mkubwa ametangaza kwamba mwezi ujao atashiriki mbio za porini. Mnakimbia, mnaendesha baiskeli, mnapiga kasia ziwani, na njia mnaitafuta wenyewe kwa ramani. Wawili wawili, kijana na mtu mzima wa familia yake. Nikanyoosha mgongo. Nikafuta mdomo. Nikajiandaa kukubali kwa unyenyekevu. Akasema atakwenda na mjomba wake.

Mjomba wake! Yaani shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye klabuni kwao wanamwita Injini. Mtu ambaye vigimbi vyake vinaonekana hata akiwa amevaa suruali.

Nimesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mimi pia nina miguu. Mke wangu akasema anaijua vizuri, ndiyo ile inayoegemezwa juu ya meza kila jioni. Binti akacheka mpaka akapaliwa na chakula. Nikampigapiga mgongoni. Baba ni baba.

Uamuzi: nitajiunga na klabu, nitafanya mazoezi kimyakimya, nitapata vifaa, nitamng'oa Injini. Mke nimemwambia wiki hii kazini tunahesabu mali, nitachelewa kurudi. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, kwa hiyo uongo huu una mashiko.

Jumanne, 5 Mei

Nimetafuta klabu kwenye simu, nimejificha nyuma ya marobota ya sponji. Nimepata moja yenye picha ya watu waliosimama juu ya jabali, mikono hewani. Nikasema ndio hawa.

Wanakutana chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja. Wamevaa vizuri, hilo siwanyimi. Kofia za jua, fimbo za kupandia mlima, mikoba yenye mrija wa kunyonyea maji. Tukakaa. Tukaendelea kukaa. Wakauzungumzia mlima waliokusudia kuupanda, wakabishana kuhusu mvua, wakaagiza soda. Nikauliza mazoezi ni lini. Wakatazamana. Mwenyekiti akanieleza kwa upole kwamba klabu bado iko kwenye hatua ya vifaa.

Nimewapenda sana! Wakati mwingine wowote ningebaki nao mpaka nizeeke. Lakini Injini hatang'olewa kwa soda. Na klabu iliyobaki mjini ni moja tu. Ya kwake.

Jumatano, 6 Mei

Nimemeza kiburi. Kilipita kwa shida.

Kocha wao ni mama mkunga mstaafu, filimbi shingoni, anamtazama kila mtu kama anayechelewa kujifungua. Injini akanikumbatia mbele ya watu. Akawaambia huyu ni shemeji yangu, mpigieni makofi. Wakapiga. Hili ndilo tatizo la Injini: hana ubaya wa kumshikia.

Nikamweleza kocha kwamba nataka nafasi ya kukimbia na binti yangu. Kocha akamtazama Injini. Injini akacheka, akasema haki itendeke. Kocha akaamua: Jumamosi kuna jaribio la kukimbia kwenye shamba la miti, na kati yetu wawili atakayetangulia kufika ndiye atakayeandikishwa. Binti, ambaye hufanya mazoezi hapo na mjomba wake, alikuwa amesimama papo hapo. Akageuka akaenda kujaza maji kwenye chupa yake. Nadhani furaha ilimzidi.

Ila kwanza kesho kuna mtihani wa majini, na kila mmoja aje na koti lake la kuelea. Nimepita dukani, nimeona bei, nimetoka bila kuaga. Mimi nikanunue sponji ya kuvaa? Mimi?

Alhamisi, 7 Mei

Fundi cherehani wa kiwandani amenishonea koti. Sponji nzito, ile ya daraja la kwanza, mbele na nyuma. Kitambaa cha maua ya zambarau, cha godoro la watu wawili. Akauliza ni la nini. Nikasema mgongo.

Bwawani wenzangu wote walivaa rangi ya chungwa. Mimi nilivaa maua. Nikaruka wa kwanza, ili binti aone.

Mwanzoni nilielea. Sifa ziende kiwandani. Kisha koti likaanza kunywa. Maisha yangu yote nimepokea sponji, nimepima sponji, nimetoa sponji, na sijawahi kujiuliza sponji hufanya nini ikikutana na maji. Mke wangu anaoshea vyombo mbele ya macho yangu kila siku! Koti likanywa na kunywa. Nikashuka taratibu, wima, kwa heshima zote.

Injini ndiye aliyenitoa. Mimi alinitoa peke yake, ila koti walisaidiana watu watatu. Kocha alilikanyaga kulikamua, na lilikamulika muda mrefu kuliko nilivyopenda. Binti alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sijui alikuwa analia au anacheka, na sikuuliza. Injini akanifunika taulo lake, akawa ananiuliza kila saa kama niko sawa. Hilo liliniuma kuliko maji ya puani.

Nilipokuwa nikivaa viatu, kocha akanikumbusha desturi ya klabu. Mwanachama mpya ndiye anayefunga utepe wa kuonyesha njia, siku moja kabla ya jaribio. Akanichorea njia kwenye karatasi, akanikabidhi bunda la utepe mwekundu. Nikalitazama lile bunda. Wazo likaja lenyewe, mimi sikuliita.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema mgongo. Safari hii hata si uongo.

Mpango ni huu. Ndani ya shamba la miti kuna njia panda. Njia ya kocha inakwenda kushoto, fupi, tambarare, inazunguka tangi la maji na kurudi getini. Ya kulia inashuka bondeni kwenye tope, inavuka kijito, inapanda genge, na kufika geti lilelile kwa mateso. Utepe nimeufunga kulia. Kesho wote wataufuata, Injini mbele yao, wazame. Mimi nitakata kushoto nikipiga mluzi.

Kasoro ni moja tu. Utepe haujifungi wenyewe. Ili Injini apite topeni kesho, ilibidi mimi nipite topeni leo. Nimeanguka upande wa kulia, nimeanguka upande wa kushoto. Kiatu kimezama nikakichimba kwa mikono kama kiazi. Kijito kilinifika kiunoni. Genge nimelipanda kwa magoti. Katikati nilifikiria kutubu na kurudi, lakini kurudi kulikuwa mbali sawasawa na kuendelea.

Nimefika getini natetemeka. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunipigia makofi.

Jumamosi, 9 Mei

Filimbi ikalia. Nikawaacha watangulie, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Walipopotelea kulia, nikaingia kushoto. Nilitabasamu, nakiri.

Miti ya shamba lile imepandwa siku moja, kwa mistari, na yote ina urefu mmoja. Ukitazama mbele ni mistari. Ukitazama nyuma ni mistari. Njia ikagawanyika, nikachagua. Ikagawanyika tena, nikachagua tena. Tangi la maji sikuliona. Nilianza kumlaani kwa sauti mjinga aliyeacha kufunga utepe upande huu. Nikamlaani vizuri tu, mpaka nikamkumbuka.

Nikakaa juu ya gogo, nikaita. Niliita watu wote ninaowajua, Injini akiwemo.

Aliyekuja ni binti yangu. Tope mpaka kwenye nyusi, meno yanang'aa. Walishamaliza kitambo, akasema. Mjomba alifika wa kwanza huku anaimba, amesema hajawahi kukimbia njia tamu kama ile. Kocha naye amefurahi, amesema njia yake ya zamani ilikuwa ya wagonjwa, na aliyefunga utepe ana jicho. Kuanzia leo mimi ndiye bwana njia wa klabu.

Akakaa karibu nami kwenye gogo. Akauliza inakuwaje mtu aliyefunga utepe anapotea upande usio na utepe. Nilikuwa na majibu matatu tayari: mguu, simu, nyuki. Nikayaacha yote matatu. Nikamweleza yote.

Akakwangua tope kwenye goti lake. Kisha akauliza kama kweli jana nilipita bondeni peke yangu, kijito na genge, mwanzo hadi mwisho. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Halafu akasema kwamba mjomba alimwomba. Ni hilo tu. Alimjia akamuuliza kama angependa wakimbie pamoja. Yeye alinisubiri mimi tangu mwanzo wa mwaka niseme neno, sikusema. Hata Jumatano, nafasi yake nilimwomba kocha, na yeye alikuwa amesimama palepale.

Nimeona aibu, aibu ya kweli. Tulirudi getini amenishika mkono, na sijui ni lini mara ya mwisho alinishika mkono.

Jumapili, 10 Mei

Asubuhi nimemwomba. Hapo hapo jikoni, bila utangulizi. Nikasema naomba tukimbie pamoja, mbio zozote, siku yoyote. Akakubali kabla sijamaliza sentensi! Mbio za mwezi ujao ni za mjomba wake, maana ameshampa neno. Lakini baada ya hapo kuna nyingine ndogo, hata ukitembea wanakuhesabu, na hizo ni zetu. Sharti lake ni moja: baba asifanye ujanja. Nikaapa. Mke wangu ni shahidi, ameniapisha kwa mwiko.

Nimejisikia mtu mpya. Somo limeniingia hadi kwenye mifupa. Ukitaka kitu, unaomba. Rahisi hivyo, na nimeishi miaka yote hii bila kujua!

Mchana Injini akapita. Anataka viatu vipya vya mbio za mwezi ujao, na amekuja kwangu kwa ushauri, eti mtu mwenye jicho la njia hawezi kukosa jicho la viatu. Nilikusudia kunyamaza. Naapa nilikusudia. Nikajisikia nikimwambia kwamba viatu vya porini huchukuliwa vidogo kwa namba moja, ndipo vinashika mguu. Akashukuru sana, akaandika kwenye simu yake, akanikumbatia.

Akichubuka miguu mapema, binti atahitaji mtu wa kujazia nafasi. Nitakuwa karibu, nimeshavaa. Na wala sitaomba. Safari hii yeye ndiye atakayeniomba.