Jinsi Nashon Mwana wa Oloo Alivyokula Maharagwe Mbele ya Makarani

Sogeeni, enyi mpendao habari za mashujaa. Mwenye kukohoa na akohoe sasa, na mwenye ugoro apige chafya zake mapema, kwa maana nikianza sikatizwi. Siwaletei majeshi wala wafalme walioteka miji. Nawaletea mtu mmoja, sufuria moja, na Ijumaa moja mjini Nairobi, mwaka wa hamsini na sita. Atakayecheka na acheke, lakini asije akasema hakuambiwa.

Alikuwapo Nashon mwana wa Oloo, Mbeba-Bahasha, Mshinda-Ngazi, aliyetoka pande za Nyanza akawa tarishi katika ofisi moja kubwa. Baiskeli yake ilijua kila lango kuanzia River Road hadi Karen, lakini moyo wake ulitaka jambo moja tu, nalo ni ukarani. Kwani tarishi alilala chumba kimoja na wanaume wengine watano, bali karani alipewa chumba chake mwenyewe, chenye mlango na komeo, akakaa humo na mkewe. Na mkewe, Rael, alikuwa amekuja kumtembelea, amejibanza kwa binamu yake mwezi mzima, na Ijumaa hiyo jioni alikuwa arudi kwao kwa treni ya Kisumu. Asubuhi ya siku iyo hiyo ndipo ulipokuwa mtihani wa ukarani. Mara tatu Nashon aliuingia, mara tatu ukamwangusha, na kwa sheria ya ofisi mara ya nne ndiyo ya mwisho.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana hata mashujaa wana ujinga wao. Aliwaona makarani wote wakila mkate mweupe na chai ya vijiko vinne vya sukari, wakiongozwa na Lazarus, karani mkuu, Bwana wa Tai Shingoni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitafuna kitu chenye maganda. Nashon akasadiki kwamba akili ya ukarani imo ndani ya mkate. Basi kila siku ya mtihani alijishindilia mkate akaushushia chai. Saa tatu akili iling'aa, akajibu maswali mbio kuliko wote. Ikigonga saa tano, giza. Mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka. Mara ya tatu, alipotakiwa aandike anwani ya Bwana Mkuu wa Kilimo, aliandika kwa mwandiko mzuri sana: "Mkate, Nusu, Sanduku la Posta, Nairobi." Alipewa pole mwaka mzima.

Siku ya Alhamisi yeye na Rael walikwenda kununua makaa kwa Athman wa Lamu, Mlinzi wa Moto, aliyeuza majiko pale River Road. Rael akamweleza masaibu ya mumewe. Athman akakaa wima juu ya gunia, akanena:

"Ewe Nashon, ubongo ni jiko, tena jiko lenye uroho, mwili wote ukilala, wenyewe wawaka. Mkate na sukari ni karatasi. Hushika upesi, miali ikapanda, watu wakasema mashallah, kisha majivu. Mahindi na maharagwe ni mkaa wa mgunga. Huchelewa kushika, lakini utapikia hadi adhuhuri. Mimi Ramadhani nashinda na njaa na hesabu sikosei, kwa kuwa mwili ukikosa kuni huchoma akiba yake." Akajipiga tumbo, nalo likaitika. "Wewe, ndugu yangu, akiba yako iko wapi? Mbavu zako nazihesabu toka hapa."

"Bwana Athman," akajibu Nashon kwa majonzi makuu, "maharagwe ni chakula cha wapagazi. Nikionekana nayo kule Hill, kwenye ofisi yetu, nitakuwa nimeanguka kabla kalamu haijagusa wino."

Rael, Mwanamke wa Maneno Machache, akamgeukia. "Baba Peres, mara tatu umekula kama karani, na bado wewe ni tarishi. Mimi nikipanda treni kesho, utalala na huo mkate?"

Neno lile lilimchoma Nashon, kwa sababu alimpenda mkewe na hakujua kulisema hilo mbele ya magunia ya makaa.

Ijumaa kulipokucha Rael alimkabidhi sufuria ya mahindi na maharagwe, imefunikwa na kufungwa kitambaa, naye akaitia ndani ya mkoba wake wa barua. Je, shujaa alikula kabla ya kutoka? Wapi! Alipita kibandani akala mkate na chai, kwa woga wa mazoea, kisha akaupanda mlima wa Hill na sufuria ikimgonga ubavuni kila hatua.

Saa tatu akang'aa. Saa nne, walipopumzika kwa chai, vidole vikaanza kutetemeka. Akalijua lile giza. Lilikuwa limeshafika mlangoni. Watahiniwa kumi na wawili walikuwa wameketi na vikombe vyao, na Lazarus alikuwa akigawa mkate. Nashon akamwona Rael mawazoni, ameketi dirishani mwa treni. Akafungua mkoba.

Kifuniko kikaanguka sakafuni kwa kishindo, na harufu ya kitunguu na samli ikauteka ukumbi wote.

"Ni nani," akauliza Lazarus polepole, "aliyeleta shamba ndani ya ofisi?"

Nashon akasimama, kijiko mkononi. "Ni mimi, mwana wa Oloo. Mara tatu nilikuja hapa na silaha zenu, na mara tatu nikaangushwa. Leo nimekuja na zangu. Anayetaka kunicheka na anicheke sasa, maana saa tano nitakuwa na kazi."

Wakacheka, tena sana, na masikio yakamwaka moto. Naye akala. Alikula safu ya mbele, akala ya kati, akakwangua ngome ya chini. Harage moja likaponyoka, likabingirika hadi kwenye kiatu cha Lazarus. Nashon akainama, akaliokota, akalila. Hakuacha adui hata mmoja uwanjani.

Ikagonga saa tano. Barua thelathini zilisomwa mara moja tu, na kila mtu akatakiwa azitie katika vishubaka thelathini kwa kukumbuka. Barua ya kwanza mkono ulitetemeka. Ya sita ukatulia. Kufikia ya ishirini, wenzake walikuwa wakipiga miayo, na mmoja alikuwa ametia barua ya Idara ya Mifugo ndani ya birika la chai. Jiko la Nashon liliwaka tu, taratibu, bila moshi. Akaishika barua ya thelathini, akakumbuka, akaitia mahali pake. Msahihishaji akatia alama ndogo ya kufaulu kwa penseli, kisha akapiga chafya.

Jioni Nashon alifika stesheni mbio, na hotuba ndefu aliyoitunga njiani kote. Rael alikuwa ameshaketi dirishani. Hotuba yote ikampotea.

"Mama Peres," akasema, "mlango wetu una komeo."

Rael akainama dirishani. "Ulikula yote?"

"Yote. Hata lililoanguka."

Rael akampitishia mzigo wake dirishani, kisha akashuka. Treni ya Kisumu ikaondoka na kiti kimoja kitupu, na kiti hicho, enyi mliosikiliza, ndicho mnara wa ushindi wa Nashon mwana wa Oloo.