Suruali ya Bwana wa Oldeani

Nakutegea wewe uliyekaa karibu na moto: nyumba yangu unaingia kwa mlango mmoja, unatoka kwa miwili. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Karatu yote, nitakuachia vumbi. Jibu ni suruali.

Emilian alizijua suruali kuliko sala zake. Siku ya mnada alitandika turubai kando ya watu wa mitumba, akapanga suruali za kizamani: kiuno cha kufika kitovuni, marinda mawili mbele, miguu mipana ya kupitisha upepo, na chini pindo la kukunjwa kwa nje. Kwa maneno yake, zilikuwa za mabwana wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, na zilikaa sandukuni tangu mabwana wenyewe waondoke. Ukweli ni kwamba zilishonwa wiki iliyopita na Evarista, fundi cherehani wa pale mjini, kisha Emilian akazilowesha kwenye sufuria la kahawa ili zizeeke. Kahawa ilikuwa ya Oldeani kweli. Hapo hakusema uongo.

Evarista alikuwa pia mchumba wake, ila baba mtu alikuwa bado hajakubali. Mzee Thomasi alikwisha kusema hataki hela za kwenye simu. Anataka ng'ombe mtamba, aje Jumapili kwa miguu yake. Jumapili ikipita bila mtamba, atampokea mposaji mwingine, mwenye gereji. Na Emilian hakuwa na hata kuku.

Ndipo alipomwona mzee wa Kimaasai, shuka jekundu, katambuga za tairi miguuni, kamba mkononi, na mwisho wa kamba mtamba mwenye baka jeupe usoni. Mzee alikuwa anatazama suruali. Emilian alikuwa anatazama mtamba. Mapenzi mengi huanza hivyo.

Mzee aliitwa Moloimet, wa Piyaya, ameshuka kwenye lori asubuhi ile. Emilian akamkaribisha kwa heshima zote, akamfundisha. Kwamba suruali hii haivaliwi nyongani kama wavaavyo vijana. Inakaa kitovuni, tumbo lipate heshima yake. Shati lichomekwe lote. Pindo liguse kiatu, lisifagie uwanja. Na ukishavaa mikanda ya mabegani, mkanda wa kiunoni unauvua.

“Anayevaa vyote viwili, mzee wangu, hakiamini hata kitovu chake.”

Moloimet akayavuta marinda, akayaachia, akayanusa. “Inanuka kahawa.”

“Bwana alikuwa anainywa akiwa ameivaa.”

“Alikuwa anamwaga sana.”

Emilian akaona abadili njia. “Lakini wewe ni mtu wa shuka, mzee. Suruali utaipeleka wapi?”

Moloimet alimkuna mtamba sikio. Na kwa kuwa msemaji huogopa kimya kuliko polisi, Emilian akakijaza: akaeleza habari ya mtamba anayetakiwa kumpeleka Jumapili, na posa, na mzee Thomasi wa njia ya Oldeani, na ukali wake.

Moloimet alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Akauliza kama ni Jumapili hii. Ni hii hii. Akauliza kama mtamba atapelekwa na Emilian mwenyewe.

“Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.”

Mzee akachukua suruali, akamkabidhi kamba, bila kuvutana hata kidogo. Emilian alimwonea huruma, akamwongezea mikanda ya mabegani. Wajanja huwa na huruma wakishashiba.

Jumapili mtamba alimburuta kwenye tope, akamkanyaga kiatu kipya, akala mahindi ya watu, Emilian akaomba radhi kila kona. Walipofika kwa mzee Thomasi, wazee walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi. Mtamba akauona ua, akalia, akaipokonya kamba, akaingia zizini moja kwa moja hadi kwenye hori la pembeni. Wazee wakacheka, wakasema huyu amekubali ukwe kabla ya watu.

Thomasi hakucheka. Alikwenda, akaliinua sikio la mtamba, akarudi akakaa. Wairaqw kama yeye hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukija, wengine uwakose wakiwa kwa marafiki.

“Huyu nilimpeleka Piyaya angali ndama, rafiki yangu anichungie,” alisema. “Alama ya sikioni ni ya kisu changu. Kijana, umeniletea ng'ombe wangu. Wako yuko wapi?”

Macho ya Emilian yakaenda benchi la nyuma. Alikuwapo Moloimet, shuka limekunjwa mapajani, suruali imefika kitovuni, marinda yamenyooka, pindo linagusa katambuga, mikanda mabegani, kiunoni hakuna kitu.

Evarista alikuwa mlangoni pa jiko. “Ile nimeishona mimi,” alisema taratibu. “Ila sikuishona na kahawa. Rudi na mtamba wako, Emilian, na uharakishe. Gereji si mbali.”

Thomasi akamgeukia rafiki yake, akamuuliza kama ameuza mali ya watu.

“Sijauza,” alisema Moloimet. “Nimetuma mtu.”

“Mzee,” Emilian alisema, na sauti ilikuwa ndogo, “mimi nilikuuliza suruali utaipeleka wapi.”

“Hapa,” alisema Moloimet. “Rafiki yangu alinialika kwenye posa, akaniambia nije na mtamba wake. Sasa, kuswaga ng'ombe kwenye tope hili si kazi ya mtu aliyevaa marinda.”