Kinyozi Aliyewarudishia Wateja Usingizi

Kaeni kitako, enyi wenye meno na enyi wenye mapengo, niwasimulie vita alivyopigana Simba wa Wembe, mfyekaji wa ndevu, bwana wa kiti kinachozunguka, ambaye adui yake alipiga kambi ndani ya kinywa chake mwenyewe.

Fahari ya shujaa huyu ilikuwa moja tu: kila aliyeketi mbele yake alisinzia. Hivyo ndivyo alivyojua kuwa mkono wake bado mwepesi. Kisha ukaja msimu ambao hakuna aliyesinzia tena. Wateja walikaa macho kodo, wakavuta kitambaa cha kunyolea mpaka puani, naye, masikini, akadhani wanasikia baridi, akawafungia dirisha.

Mkewe ndiye aliyemweleza ukweli. "Baba watoto, lile dirisha lifungue. Mdomo wako unanuka, na si wateja tu wanaokugeuzia uso."

Shujaa aliumia, nami sioni haya kusema kwamba aliumia sana. Akaweka mkono kifuani, akanena: "Mimi niliyeangusha misitu ya ndevu, nishindwe na pumzi yangu mwenyewe? Haitakuwa hivyo, mama watoto, maadamu wembe wangu unakata." Akatafuna karafuu, akamung'unya peremende, na hatimaye, kwa ujasiri unaopakana na upumbavu, akasukutua kwa ile spiriti ya kupaka mashavu yaliyonyolewa. Akatokwa na machozi kama aliyefiwa. Kufika adhuhuri adui alikuwa amerudi, safari hii akinukia karafuu.

Ndipo akaenda kwa daktari wa meno, mama mpole mwenye miwani, ambaye alimchungulia na kuuliza mbona fizi za nyuma zimevimba vile. Simba akajibu kwa heshima kwamba zilikuwa zikitoa damu aliposwaki, na kwa sheria ya kazi yake, panapotoka damu chombo hakipiti tena. Basi miaka yote hiyo alikuwa akiukwepesha mswaki.

"Hapo ndipo pa kupita, baba," daktari akasema. "Taratibu, lakini kila siku. Ukipaacha, ukoga unageuka jiwe na fizi zinaugua. Harufu inatoka huko."

Ngome za ukoga zikabomolewa, shujaa akiwa ameng'ang'ania kiti cha mwenzake daktari. Nyumbani akaendeleza vita kwa mswaki na uzi wa meno, asubuhi na jioni, akitema mate mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe.

Siku ya hukumu alikuja mwalimu mstaafu, mteja wake wa kale, akaketi na kujifunika pua kwa mazoea. Simba akainama sikioni pake, akabana pumzi hadi ikamshinda, akaiachia. Kitambaa kikateleza taratibu. Kichwa kikainama.

Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe: siku hiyo mwalimu alikoroma, na nusu ya ndevu zake ikabaki shavuni mpaka jioni, kwa kuwa kinyozi, machozi yakimlengalenga, alimkataza kila mtu asimwamshe.