Mentor Atakupokea Getini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Diwani wetu, ambaye ametuma udhuru pamoja na salamu. Mchungaji mwenye ukumbi, anayetukumbusha kwamba saa kumi na moja kamili kuna darasa la mazoezi ya zumba. Ustadhi pamoja na ujumbe wako. Katibu wangu mchapakazi Bi Bijou, mtunza kumbukumbu zote za kamati tangu kamati iwe kamati. Mfadhili wetu wa vifaa, Bwana Zulfikar wa duka la vyombo kule Ilford. Wauguzi na walezi wa wazee mliotoka zamu ya asubuhi na mnaokimbilia ya jioni. Akina mama wa jikoni. Watoto wetu wapendwa mnaoelewa Kiswahili chote lakini mnajibu kwa Kiingereza. Na ninyi mliokuwa mnapita tu mkasikia harufu ya pilau. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.) Mliosimama kule nyuma, itifaki imewafikia na ninyi. (Makofi ya nyuma.)

Kwa jina naitwa Harrison Mwakio Righa, na kwa cheo ni Mwenyekiti wa Muda wa Jumuiya ya Wana Afrika Mashariki wa Edmonton na Vitongoji Vyake, wadhifa ambao nimeushika kwa muda kwa miaka kumi na mmoja sasa, bila kuchoka, bila kunung'unika na bila mtu mwingine kuombwa. (Sauti: "Uchaguzi lini?") Hilo ni swali zuri sana na litajibiwa kwa maandishi.

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu kuzindua rasmi, kwa mara ya tatu, Mradi Shirikishi wa Kuwawezesha Vijana Waliotoka Shule za Serikali Kujumuika, Kuchangamana na Kukubalika katika Vyuo Vikuu vyenye Majengo ya Mawe, ambao kwa kifupi unaitwa jina ambalo kamati ndogo bado inalitafuta. (Makofi.) Mradi huu umejengwa juu ya nguzo nne, na kila nguzo ina framework yake, na kila framework ina road map yake, na road map zote ziko kwenye kompyuta ya kijana mmoja ambaye amehamia Leeds.

Tatizo tunalijua. Mtoto wetu anasoma shule ya serikali, ile iliyo karibu na gereji ya mabasi, anapasua mitihani, anapokelewa katika chuo kikongwe hapa hapa London, ambacho kwa sababu za kidiplomasia sitakitaja, na akifika anakuta wenzake wamejuana tangu wakiwa wanavaa kaptura, wamepiga makasia pamoja, mama zao wanaazimana mbwa, na wakati wa baridi, badala ya kukaa ndani kama watu wenye akili, wanakwenda milimani kuteleza kwenye theluji kwa hiari yao. (Mshangao.) Kwa hiari yao, nasema! Kisha wanamuuliza mtoto wetu, "Ulisoma shule gani?" Anataja. Wanasema "Oh, lovely," halafu wanageuka kutafuta pa kuweka glasi.

Mfano hai uko hapa ndani. Nani asiyemjua Mama Emma, Zipporah wetu, mlezi wa wazee, mwanamke aliyebadilisha shuka za nusu ya Edmonton? (Vigelegele.) Bintiye Emma ndiye yule safu ya pili, aliyejifunika kofia ya sweta mpaka puani. Jumatano Mama Emma alinipigia simu akilia. Alisema mtoto amerudi nyumbani na mabegi yote, hataki kusikia habari ya chuo, na Jumatatu asubuhi anawaandikia kwamba ameacha. Leo ni Jumamosi. Mtaona wenyewe kwamba jambo hili ni la dharura, na ndiyo maana nimeandaa hotuba ya kurasa ishirini na sita tu. (Mtu anaguna. Mchungaji anatazama saa.)

Sasa, kabla mtu hajauliza jumuiya ilifanya nini, niseme ilichofanya. Kwanza, tuliandaa Mwongozo wa Mwanafunzi Mpya, ulioandikwa na jopo la mtaalamu mmoja, yaani mimi, kwa kuzingatia utafiti nilioufanya mwaka 1979 nilipojiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni kule Taita. Sikukurupuka. Nilikaa nikajiuliza: mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, anahitaji nini ili akubalike? Nikaandika: sanduku la bati moja, jina limeandikwa juu kwa rangi nyeupe, kufuli mbili, ndoo moja na beseni moja, mche wa sabuni, siagi ya kopo, na jembe moja lenye mpini. (Kicheko.) Mnacheka, lakini Bwana Zulfikar alitoa vifaa hivyo vyote bila kusita, jembe akaliagiza kutoka Kenya, na nataka kuwaambia kwamba katika historia ya chuo kile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuripoti akiwa amejiandaa kiasi kile.

Pili, tulimsindikiza. Msafara wa magari matatu na basi dogo, maili tisa kwa saa mbili na nusu, kwa sababu ya foleni na kwa sababu basi dogo lilisimama mara mbili kwa maombi. Tulipofika nilitoa hotuba fupi ya dakika ishirini na tano kumkabidhi mtoto kwa askari wa getini, na askari yule alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, maana tulikuwa tumeegesha mbele ya kizuizi chake. Aliuliza jembe ni la nini. Nikamjibu kwamba mtoto wetu haogopi kupewa sehemu yake ya kupalilia. (Makofi ya wazee. Emma anavuta kofia ya sweta chini zaidi.)

Tatu, na hii ndiyo nguzo ya nguzo zote, ni mentor, yaani mwenyeji wa kumshika mgeni mkono. Mtaona ukurasa wa pili wa Mwongozo, Kanuni ya Tatu, nanukuu: "Mwanafunzi mpya asizungumze na mtu yeyote mpaka mentor wake atakapompokea getini." Mwisho wa kunukuu. Kanuni hii nimeiandika kwa machungu. Mwaka ule 1979 nilizungumza na mtu wa kwanza niliyemkuta, jamaa wa kidato cha tatu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameniuzia kitanda ambacho tayari kilikuwa changu.

Matokeo? Nakuja kwenye takwimu. Asilimia mia moja ya wanufaika wetu wameripoti chuoni. Asilimia mia moja walikuwa na ndoo. Kiwango cha kugombana na wenzao ni sifuri, kwa kuwa kiwango cha kuzungumza na wenzao nacho ni sifuri. (Makofi machache.) Na ili msidhani napika data, nitawasomea maoni ya mnufaika mwenyewe, ujumbe aliomtumia mama yake, ambao Mama Emma ameniruhusu kuusoma. (Mama Emma: "Sikukuruhusu, nilikuonyesha tu!") Ameniruhusu kwa kunionyesha. Unasema hivi: "Mum, nimekaa getini mpaka saa kumi na mbili, hakuna aliyekuja. Darasani nilisimama mwalimu alipoingia, kama Mwenyekiti alivyosema, na tulikuwa watu mia mbili, nikasimama peke yangu. Wiki ya sita sasa nakula chumbani. Sijui hata jina la msichana wa mlango wa pili. Nimechoka, Mum." Mwisho wa ujumbe.

(Mchungaji anaacha kutazama saa.)

Naam. Hapo mtaona kwamba Kanuni ya Tatu imetekelezwa kikamilifu.

(Mama Emma anasimama: "Mwenyekiti, mimi nina swali moja tu. Huyo mentor yuko wapi? Nilimwambia mtoto wangu asiongee na mtu kwa sababu yako. Kila akinipigia simu namwambia vumilia, mentor anakuja, Mwenyekiti amesema. Yuko wapi?")

Mama Emma, nakushukuru kwa mchango wako. Suala la mentor liko katika hatua nzuri. Kuna mchakato, na ndani ya mchakato kuna... Bi Bijou, hebu nitafutie lile faili. Wakati Katibu anatafuta, naomba tusiangalie nyufa tu, tuangalie na ukuta. Naomba wanufaika wote wa mradi wasimame ili umma uwaone. Wote! Msione haya! (Emma anasukumwa na mama yake, anasimama. Kule kwenye meza ya sahani, Bwana Zulfikar anamshika bintiye kiwiko na kumwinua.) Na yule pale! Makofi kwa binti wa mfadhili wetu, Shenaz, ambaye naye alipelekwa na baba yake siku ile ile, kwa gari la duka, na ndoo na Mwongozo wake, chuo hicho hicho. Wawili! Hilo ni ongezeko la asilimia mia moja ndani ya dakika moja!

(Shenaz, kwa Kiingereza chake cha Ilford, anamwambia Emma: Ni wewe! Ni wewe uliyekuwa umekaa juu ya sanduku, na jembe. Mimi nilidhani wewe ni mtu wa bustani. Emma anavua kofia ya sweta: Na mimi nilidhani unauza ndoo. Wanatazamana. Emma anauliza: Sasa mbona hukunisemesha? Tulikaa pale saa mbili. Shenaz: Kanuni ya Tatu. Mimi bado nakwenda getini kila Jumatatu kumtazamia huyo mentor. Ukumbi mzima unaangua kicheko, na wao wawili ndio wanaocheka kuliko wote, mpaka Emma anashika kiti.)

Utulivu! Utulivu jamani. Wanufaika, naomba msihame viti, bado sijafika sehemu ya mafanikio. Emma, mwanangu, unakwenda wapi na sahani mbili? Shenaz, huo ni mlango wa nje. (Mama Emma: "Waache, Mwenyekiti." Bwana Zulfikar: "Waache wakae kwenye gari langu waongee, bwana.") Sawa, basi iingie kwenye kumbukumbu kwamba wanufaika wametoka kwa ruhusa ya Mwenyekiti, kwenda kufanya mashauriano ya pande mbili katika gari la mfadhili.

Ndugu wananchi, niweke karatasi pembeni kidogo. Mimi nilipofika nchi hii nilifanya kazi ghala moja hapa Edmonton, na kulikuwa na chumba cha kulia chenye meza ndefu. Nilipita mlangoni pale mwaka mzima na kiporo changu mkononi, nikaenda kula chooni, nimesimama. Hakuna aliyenikataza kukaa. Ila hakuna aliyeniambia njoo, na mimi sikuwa na ubavu wa kujikaribisha. Naona uchungu mpaka leo. Nilipokuwa naandika Mwongozo ule nilitaka kila mtoto akute mtu getini anayemwambia njoo, hilo tu, nikaandika kana kwamba yuko. (Mtu anasema polepole: "Pole, mzee.") Asante. Narudi kwenye karatasi.

Katika mwaka wa fedha ujao, serikali yangu, yaani kamati yangu, itaanzisha semina ya uma wa samaki na uma wa nyama, mafunzo ya kuteleza kwenye theluji, yatakayofanyika katika sakafu ya ukumbi huu kwa kutumia soksi, kozi fupi ya kusema "lovely" bila kumaanisha, na kikosi kazi kitakachojibu swali la "Ulisoma shule gani?" kwa kuuliza na sisi, "Na wewe ulilipiwa na nani?" (Makofi ya kishindo. Mchungaji anaanza kukunja viti.) Naona Mchungaji ananiashiria, na akina mama wa zumba wamefika na redio yao. Nitamalizia.

Shule ya serikali! (Watu: "Oyee!") Majengo ya mawe! (Watu: "Oyee!") Watoto wetu wakae katikati ya meza! ("Wakae!") Wacheke kwa sauti! ("Wacheke!") Mwenyekiti aendelee kwa muda! (Mtu anakohoa.)

Kwa niaba yangu na ya wadhifa wangu, nawashukuru mamentor wetu kumi na wawili, ambao mara tutakapowapata watafurahi kujua kwamba walishukuriwa. Naishukuru ofisi ya mradi, ambayo ni simu yangu. Namshukuru Bi Bijou, ambaye sasa hivi amelipata lile faili na ananisomea sikioni kwamba mradi huu ulikuwa ajenda namba saba ya kikao cha mwezi wa pili, na kwamba kikao kile kilifungwa kwenye ajenda namba sita kwa kuwa chakula kilikuwa kimefika. Bi Bijou, hilo ungeweza kuniambia kabla ya uzinduzi wa kwanza. (Bijou: "Nilikuambia, Mwenyekiti. Ulikuwa umeshashika kipaza sauti.")

Mwisho kabisa, Mama Emma, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa, maana ulimtuma mtoto akamsubiri mtu ambaye nilimbuni mezani kwangu kati ya chai na taarifa ya habari. (Mama Emma anatazama simu yake, kisha anacheka huku anafuta macho. "Mwenyekiti, wameshaondoka. Emma ameandika wako kwenye treni, wanarudi hosteli. Anasema nimpelekee mabegi kesho.") Basi nawashukuru Emma na Shenaz, ambao kwa mujibu wa kumbukumbu za Katibu ndio mradi mzima mpaka saa hii: wao ndio wanufaika, wao ndio mamentor, na wameanza kazi robo saa iliyopita, bila kikao. Ahsanteni sana.