Jinsi Chuma Alivyoishusha Feni ya Wakala

Tegeni masikio, enyi mlioketi na enyi mnaopita na haraka zenu. Punguzeni hizo redio, watulizeni hao watoto, kwa maana nitawasimulia kishindo ambacho vitabu vya wafalme vilikikosa, kwa kuwa waandishi wake hawakuwahi kufungasha kuku. Ni habari ya Chuma, binti wa fundi cherehani, kibarua wa chumba cha baridi, ambaye majeshi ya kuku walioganda yalipita mbele yake kila siku, safu kwa safu, bila vichwa, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwinukia.

Lakini Chuma hakuwa na glavu. Wafanyakazi wa kudumu walikuwa na zao, nene, zimetundikwa misumarini. Vibarua walioletwa na wakala wa ajira walivaa mifuko ya plastiki mikononi, mengine wakamwachia Mungu. Viganja vyake vikapasuka, vikawa msasa mtupu. Jioni moja, alipokuwa akimnawisha mwanawe uso, yule mtoto akarudi nyuma. "Mama, mikono yako inakwaruza. Baba ndiye aninawishe." Ewe moyo uliostahimili barafu miezi yote ile, hapo ndipo ulipovunjika! Alimkabidhi mumewe taulo, akatoka uani, akalia.

Kulipokucha akamwendea bosi wa chumba cha baridi.

"Bosi, naomba glavu."

"Dada yangu, kawadai wakala wako. Kwa kila mia unayopokea wewe, sisi tunawalipa mia na arobaini. Hiyo ya juu wanasema ni ya usimamizi wenu. Glavu, buti, na kuwaangalia."

"Kutuangalia? Wanatuangalia wakiwa wapi?"

"Hapo sasa umenishinda," alisema bosi, akaenda zake.

Basi Chuma akapiga moyo konde, akajifunga kibwebwe, akaiendea ngome ya wakala, iliyokuwa chumba kimoja juu ya duka la simu. Vibarua walijaa kwenye mabenchi, wakisubiri kuitwa. Mbele yao aliketi afisa wa wakala, mtawala wa foleni, bwana wa muhuri na wino wake, na nyuma yake feni ilivuma, imepandishwa juu ya boksi ili upepo umfike shingoni. Mabenchi hayakupata hata pumzi.

"Sema shida yako, dada."

"Nimekuja kuchukua usimamizi wangu!" Sauti ya Chuma ilitikisa kikombe cha chai mezani.

"Usimamizi gani?"

"Ule mnaowatoza kiwandani juu ya ujira wangu. Tangu nianze kazi sijauona, nikasema labda umesahaulika hapa. Kama ni wa kuvaa nitauvaa, kama ni wa kula nitaula hapahapa. Wewe nipimie tu, mfuko ninao." Akatandaza mezani ule mfuko wa plastiki aliouvaa vitani.

Afisa akasimama, akaweka mkono kifuani. "Dada, usimamizi haushikiki! Ni huduma! Ninyi mkilala, sisi tunawawaza. Mkiamka, sisi bado tunawawaza!"

"Na hii," Chuma akaiweka mikono yake juu ya mfuko, viganja juu, "mliiwaza lini?"

Afisa aliitazama ile mikono, akashindwa, akageuza macho nyuma yake. Na macho ya mabenchi yote yakafuata yake, yakatua kwenye boksi lililobeba feni. Ubavuni liliandikwa GLAVU ZA BARIDI, VIBARUA. Utepe wake haukuwa umekatwa.

Mzee mmoja akakohoa. "Mwanangu, na mimi naomba usimamizi wangu."

"Na wangu!"

"Wangu namba kubwa, nina vidole virefu!"

Mabenchi yakainuka. Afisa, akitiririka jasho, aliishusha feni kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka sakafuni, akakata utepe. Chuma alipewa jozi ya kwanza. Alipoondoka, feni ilikuwa ikivuma kwa bidii ile ile, ikivipuliza viatu vya afisa.

Msinitie maneno mdomoni: ujira haukuongezeka hata senti moja, na ile arobaini ingali inapanda ngazi za wakala hadi leo, bila aibu. Mimi inaniudhi, nanyi iwaudhi. Lakini ngozi ilipona. Jioni moja, baba mtu akitafuta taulo, mtoto aliushika mkono wa mama yake, akaugeuza huku na huku, akaukagua kama mnunuzi mgumu sokoni. Kisha akafumba macho, akatoa uso.

"Leo wewe, mama."

Andikeni basi, enyi waandishi wa enzi na dola, na wino msibanie: katika mwaka ule ambao feni ilishuka, Chuma alimnawisha mwanawe uso.