Niondoe kwenye Ramani

Siku ile Kipimo aliiona riziki yake mikononi mwa baba mmoja aliyeshika ramani juu chini. Baba yule alikuwa amesimama ndani kidogo ya geti la bustani ya michezo, mkewe pembeni, na watoto watatu wote wamebanwa na haja ndogo. Ramani ilisema choo kiko nyuma ya bembea. Nyuma ya bembea palikuwa na bwawa la bata. Baba akaigeuza ramani, mama akamwambia aigeuze tena, mtoto wa mwisho akaacha kujizuia, na ndoa nzima ikaanza kujadiliwa hadharani tangu siku ya posa.

Mtu wa kawaida angewaonyesha choo akaenda zake. Kipimo aliwaonyesha, hakuwa na roho mbaya, ila aliomba wamwachie ile ramani.

Tuseme ukweli kuhusu Kipimo mapema, maana akishaanza kuongea mtampenda na mtaniona mimi ndiye mwenye wivu. Jina hilo alilipata kwa utepe wa kupimia aliokuwa akiuvaa shingoni juu ya koti la kung'aa la mafundi wa barabara. Alikuwa amegundua kwamba mtu aliyevaa hivyo hakatazwi kuingia popote, na akianza kupima ukuta wa mtu, mwenye ukuta ndiye anayeomba radhi. Kwa elimu hiyo alikuwa ameishi vizuri miaka mingi bila kupima kitu hadi mwisho.

Safari hii alikuwa na haraka. Alikuwa na mchumba, fundi cherehani wa mtaa wa pili, na alimpenda kwa namna iliyomtia hofu, kwa sababu alikuwa ndiye kitu cha kwanza maishani ambacho mdomo peke yake haukutosha kukipata. Mama wa binti, ambaye Kipimo hakuwahi kumwona, alikuwa ametuma neno kwamba hamtoi mwanawe kwa maneno matupu. Anataka kuona biashara yenye mlango na wateja, na mwisho wa mwezi atakuja kuiona kwa macho yake. Asipoiona, kuna fundi bomba mmoja, kijana mpole, ameshabisha hodi mara mbili. Tangu asikie habari za fundi bomba, Kipimo chakula kilikuwa hakimpandi.

Akaenda moja kwa moja kwa meneja wa bustani. Meneja alikuwa mtu asiyependa kutoa kitu, hata salamu alizipunguza. Kipimo akamtandazia ramani mezani, akamwonyesha mishale inayoelekeza ukutani, na mkunjo wa karatasi uliolipasua gurudumu kubwa la kubebea watu katikati, na jinsi ambavyo hapakuwa na alama hata moja ya kumwambia mgeni amesimama wapi. Mgeni aliyepotea, alieleza, anatafuta njia ya kutokea, hatafuti cha kununua. Meneja akauliza kwa sauti ya mgonjwa kurekebisha ni bei gani. Kipimo akasema ni bure, yeye anafanya kwa mapenzi ya fani. Meneja akatia sahihi kabla mgeni wake hajabadili mawazo.

Kazi yenyewe ikaanza hapo. Bustani ile ilikuwa ya wapangaji, kila mchezo una mwenyewe, na Kipimo aliwapitia mmoja mmoja, akapima milango yao, akawauliza kwa upole wangependa wachorwe wakubwa kiasi gani. Mzee wa magari ya kugongana alitaka asogezwe karibu na geti. Kipimo akamweleza kwamba kusogeza kunakula wino, na wino huo unaagizwa. Muuza aiskrimu alitaka mkokoteni wake uchorwe mkubwa kuliko gurudumu, kwa kuwa mwenye gurudumu ni shemeji yake na aliwahi kumkalisha meza ya nyuma harusini. Mwenye gurudumu aliposikia, akalipa gurudumu liongezwe. Muuza aiskrimu naye akarudi. Baada ya hapo Kipimo alikuwa anakaa tu kwenye benchi na bahasha zinamfuata.

Huko mwisho kabisa, nyuma ya jenereta, palikuwa na Nyumba ya Vitisho. Rangi ilikuwa imebanduka, na mteja wa mwisho alionekana akitoka anapiga miayo. Mwenye nyumba, mjane wa makamo waliyemwita Mama Vitisho, alikuwa amekaa mlangoni akilifunga fuvu taya kwa waya.

"Wewe nikuweke wapi, mama?" Kipimo akamuuliza.

"Mimi niondoe."

"Nikuondoe wapi?"

"Kwenye ramani. Nifute kabisa, nisionekane. Nitakulipa sawa na wenzangu."

Kipimo alikuwa ameshalipwa kwa mambo mengi ambayo hakuyafanya, lakini hakuwahi kulipwa ili asifanye. Akadhani ni majonzi ya ujane yamemzidi. Akamwonea huruma, akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

Ramani mpya ikatoka, na ilikuwa balaa. Aiskrimu ilifunika nusu ya bustani. Magari ya kugongana yalichorwa getini, kwa hiyo watu walifika getini wakamkuta mlinzi, wakamuuliza magari yako wapi, na mlinzi maskini akajibu hadi sauti ikakauka. Lakini Jumamosi ile, Kipimo alipokatiza nyuma ya jenereta kukwepa lawama, alikuta foleni. Ilianzia mlangoni kwa Mama Vitisho, ikazunguka jenereta, ikaishia kwenye bata. Akamsogelea mzee mmoja aliyekuwa katikati ya mstari, akamuuliza kuna nini humo ndani.

"Sijui, mwanangu," mzee akasema, akitazama huku na huku. "Ila kwenye ramani wamekificha. Kingekuwa kitu cha hivi hivi, si wangekichora?"

Wapangaji nao waliiona ile foleni. Kabla ya jioni mzee wa magari alikuwa amefika kwenye benchi akitaka afutwe haraka, na nyuma yake muuza aiskrimu, na nyuma yake shemeji, ambao kwa mara ya kwanza tangu ile harusi walikuwa wanakubaliana. Kipimo akawaeleza kwa masikitiko kwamba kufuta ni kugumu kuliko kuchora. Wakalipa tena. Ramani ya pili ikatoka nyeupe karibu yote, ina geti, vyoo, bomba la maji, chumba cha huduma ya kwanza na nukta nyekundu iliyoandikwa "Uko hapa". Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote ambazo bustani ile imewahi kuwa nazo. Wageni walifika chooni bila kugombana, na kwingine walikwenda kwa kufuata macho yao. Msimwambie Kipimo, ataumia akijua kwamba aliwahi kufanya kazi ya halali.

Yeye wakati huo alikuwa na jambo jingine kichwani. Mama mkwe anakuja Jumamosi, anataka biashara yenye mlango na wateja, na biashara hiyo iko nyuma ya jenereta. Akaenda kwa Mama Vitisho na bahasha zote.

Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja tu, usimbembeleze mtu, mwache akubembeleze yeye. Alimbembeleza Mama Vitisho kutwa nzima. Mama alisema nyumba ile ni kumbukumbu ya marehemu. Alisema hata akipewa nini, hawezi. Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akauliza atakula nini, na Kipimo, aliyewahi kuwauzia watu uwanja wa shule, akajikuta anamweleza mjane yule kwa uchungu wa kweli kwamba yeye pia ana mtu anayempenda na hana kitu cha kuonyesha.

"Basi, mwanangu," Mama Vitisho akasema mwishowe. "Nakupa kwa ajili ya huyo binti."

Wakaenda kwa meneja, jina likabadilishwa. Mama akaliaga fuvu, akachukua pochi yake, akaondoka kwa mwendo wa kasi kidogo kwa mtu aliyefiwa mara ya pili.

Jumamosi Kipimo alivaa shati jeupe, akafagia mlango, akangoja foleni. Haikuja. Alijiambia bado mapema, halafu akajiambia jua kali, halafu akaacha kujiambia. Mtu mmoja alisogea, akauliza kama hapo ndipo chooni, akaitazama ramani, akajijibu mwenyewe na kuondoka. Mchumba alipotokea akiwa na mama yake, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, Kipimo aliinyoosha kola ya shati.

Mama mkwe hakungoja kukaribishwa. Aliingia ndani, akazunguka kote, akatoka akiwa na uso ule ule alioingia nao. Akaomba kiti.

"Foleni iko wapi?"

"Mama, leo ni siku ambayo kwa kawaida..."

"Jumamosi iliyopita ilikuwepo," mama akasema. "Nilikuwemo. Nimepanga mara nne. Mwenye nyumba ni mtoto wa mama yangu mdogo, alituita ukoo mzima. Ukitoka, unabadilisha mtandio, unarudi nyuma ya mstari. Yule mzee uliyemhoji ni kaka yangu, na tangu siku ile haongeleki, anasema yeye ni mwigizaji."

Kipimo akageuka kuutazama mlango alioufagia.

"Tuliambiwa kuna mpimaji mmoja anavutwa aje ainunue nyumba hii," mama akaendelea. "Hatukuambiwa ni wewe."

"Basi mama, kwaheri," Kipimo akasema polepole, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema mwezi ule. "Bahasha zote nimempa ndugu yako. Sina kitu kingine."

Mchumba wake alikuwa ameegemea ukuta, mabega yanatikisika, na Kipimo akadhani analia. Mama akasimama, akafunga mkoba.

"Mimi nilikuja kukataa," akasema. "Mtaa mzima uliniambia mwanangu ameangukia kwa tapeli wa kupindukia, na mimi tapeli simtaki nyumbani kwangu. Lakini leo nimehakikisha mwenyewe. Huyu utapeli haujui kabisa. Tupange harusi."

Kipimo akafungua mdomo kuitetea heshima yake ya miaka yote. Mchumba akamkanyaga mguu.