Saa ya Bure Mjini Cologne

Ijumaa, 25 Oktoba 2002

Cologne. Mvua. Chama chetu cha sabuni ya mawese kimetutuma Ujerumani kujifunza, nami nina wiki sita tu za ndoa. Nashukuru kwa kila kitu. Zaidi kwa hili: saa ya hapa inalingana na ya kwetu Rumonge. Nikitazama saa ya mkononi aliyonivisha Ismaili siku ya harusi, najua naye anaona mishale ileile. Jumapili saa nne asubuhi nitampigia simu dukani kwa Hadji, pale Rumonge. Atatoka nyumbani kwetu Minago kesho kwa baiskeli, alale kwa Hadji. Siku hizi watu wanaviziwa njiani, hivyo wasafiri hurudi kwa msafara unaolindwa na askari, saa tano kamili. Nafasi tele ya kuisikia sauti yake.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua tena. Mwenyeji wetu, mama mwenye moyo wa asali, ametuonyesha kanisa kubwa lenye minara miwili na mto Rhine. Mto mzuri. Ila ng'ambo inaonekana mara moja. Ziwa letu pale Rumonge lina siri zaidi. Nilitaka picha yangu peke yangu mbele ya kanisa, Ismaili aitundike juu ya kitanda. Rachelle, mwenzangu wa kazi, ameingia katika kila picha. Nikamdanganya kwamba anaitwa ng'ambo ya barabara. Akaenda, na mwavuli wetu pekee ukaenda naye. Kilemba kikaloa kikanishukia machoni. Picha imeharibika. Rachelle karudi akicheka: bibi arusi iko kama ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye wavu. Kisha akanivulia sweta lake. Murakoze, asante, Rachelle. Kesho nakutoroka.

Jumapili, 27 Oktoba

Ajabu tupu. Mwenyeji anasema usiku Wajerumani wote wamerudisha saa zao nyuma, saa nzima, ndiyo desturi yao kila mwaka. Nchi tajiri: hata muda wanagawa bure. Nami nikarudisha yangu. Rachelle akauliza, na Rumonge je? Nikamwambia wivu utamzeesha. Saa hiyo ya bure nikaenda nayo kanisani peke yangu. Mpita njia akanipiga picha. Nimependeza.

Saa nne kamili nikapiga simu. Hadji akapokea kwa ukali. "Biasha, huku ni saa tano. Nani kakutuma uchezee saa? Mumeo amekaa hapa tangu asubuhi, sasa iko juu ya baiskeli, askari wanapiga filimbi."

Akamwita. Nikasikia miguu ya Ismaili ikikimbia. Nilikuwa nimeandika maneno matamu kurasa mbili. Sikusoma hata moja. Nikamshtakia Rachelle na mwavuli, mpaka filimbi ikalia tena. Akacheka. "Niko muzima, mke wangu. Na wewe ubaki muzima." Akaondoka. Nikakaa na simu mkononi, nikisali kwa ajili ya ile barabara.

Jioni nimepiga tena. Hadji anasema dereva wa msafara amerudi: Ismaili kafika Minago salama. Nimelia, Rachelle kanishika mkono. Alhamdulillahi.

Hadji amekubali kumwita tena Jumapili ijayo, saa nne. Safari hii sichelewi ng'o. Saa moja ya bure haikutosha, hilo nimeliona mwenyewe. Basi nimerudisha mishale nyuma saa nyingine nzima, nipate nafasi. Rachelle ametazama mkono wangu, akafungua mdomo. Nimemwambia alale.